Mama Vidonda na Mguu Uliokosa Pumzi

Wafanyakazi wa hospitali wana kawaida ya kujisifia chumba cha upasuaji, au wodi ya wazazi ambako mtu anaingia mmoja anatoka wawili. Chumba cha vidonda hakuna anayejisifia. Kiko mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka, na kimepelekwa huko kwa sababu ya harufu, tusidanganyane. Humo ndimo anamofanya kazi nesi ambaye watu wote, hadi mabosi wake, wanamwita Mama Vidonda. Jina la cheti chake limebaki kwenye cheti.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Akikohoa tu ndani, wagonjwa waliojilaza kwenye benchi nje wanakaa sawa. Ulimi wake ni wembe, na hajali unamkata nani. Lakini mtazame mikono. Gozi, kile kitambaa cha kufunika kidonda, ikiwa imegandia nyama, ambayo mwingine angeivuta ukaona nyota mchana, yeye anailowesha, anangoja, anaongea habari za bei ya sabuni, na ukija kushtuka gozi iko kwenye ndoo. Hajawahi kuziba pua mbele ya mgonjwa. Mgonjwa akiona aibu, anamwambia, "Kinachonuka ni kidonda. Wewe hunuki. Tulia."

Ana jambo moja ambalo wenzake walilicheka kwa muda mrefu. Chupa ya maji ya chumvi ya kuoshea anaitumbukiza kwanza kwenye beseni la maji ya moto, mpaka ipate uvuguvugu.

"Mama, unampikia nani chai?" walikuwa wanamuuliza.

"Wewe ukimwagiwa maji baridi unajikunyata," anajibu. "Mishipa nayo inajikunyata. Sasa damu ikishindwa kupita, kidonda kitapona kwa maombi yako?"

Huyo ndiye mwanamke ambaye dada yake mkubwa alimfuata asubuhi moja, amemshika mumewe mkono kama mtu aliyekamata kuku mwizi.

Mume mwenyewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, anaitwa Cheche. Mageti, vitanda, madirisha, magari yaliyooza chini, vyote vimepita mikononi mwake. Mrefu, mkavu, nyusi zimeungua nusu, sigara haikai mbali. Kati yake na shemeji yake hakuna siku iliyopita bila utani. Yeye anamwita Mama Vidonda "mke mdogo", na Mama Vidonda anamwita "bomba la moshi".

"Nimekuletea huyu," dada alisema. "Chumba kinanuka panya aliyekufa. Nimeinua godoro, nimesogeza kabati, panya simwoni. Kumbe panya nalala naye."

"Mke mdogo, usimsikilize," Cheche akasema. "Ni kajeraha."

"Panda kitandani, bomba la moshi. Vua."

Alivua kiatu, akavua soksi, na hapo hata dada akageukia dirisha. Upande wa nje wa mguu wa kushoto, kuanzia kidole kidogo hadi karibu na katikati ya unyayo, kulikuwa na kidonda chenye kingo za kijivu. Na juu yake, kuzunguka kifundo, kulikuwa na ukanda mweusi wa mpira wa tyubu ya gari, umevutwa, umezungushwa, umefundikwa kwa ustadi mkubwa.

"Hiki ni nini?"

"Tone la chuma liliingia kwenye buti. Nikamwagia maji, nikaendelea na kazi."

"Sijauliza tone. Nauliza huu mpira."

"Kilikuwa kinavuja," Cheche akasema, tena kwa majivuno kidogo. "Nimekiziba."

Ni lazima uijue karakana yake ndipo uelewe. Kwa mafundi wa gesi, adui mkubwa ni kuvuja. Mpira wa gesi ukitoboka, hawakimbilii dukani. Wanakata ukanda wa tyubu kuukuu, wanauvuta mpaka unataka kukatika, wanazungusha, wanazungusha, hadi ile sauti ya "sss" inanyamaza. Kikinyamaza kimepona. Basi mguu ulipoanza kutoa maji, Cheche alifanya alichokifanya tangu ujanani. Akavuta, akazungusha. Na kweli, maji yakapungua, na maumivu yakafa ganzi. Angekosaje kuamini kwamba amepona? Kila asubuhi alikaza, akavaa buti, akaenda kazini.

"Mguu si bomba, shemeji," Mama Vidonda akasema, mkasi ukiwa tayari mkononi.

"Kila kinachovuja ni bomba."

"Basi na mdomo wako nitauzungushia."

Akaukata mpira. Chini yake ngozi ilikuwa na mfereji. Akageuza mkono, akagusa mguu wa kulia kwa mgongo wa vidole, kisha wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na joto la mtu. Wa kushoto ulikuwa wa baridi kama chupa iliyolala nje. Hapo utani ukamtoka. Dada yake alimwona usoni, na dada wa tumbo moja haambiwi.

"Ni mbaya?"

"Namwita daktari."

Daktari wao ni kijana mrefu ambaye hujiinamisha kila mlango hata ule usiomgusa. Alibonyeza kucha za Cheche moja moja. Kucha ikibonyezwa inakuwa nyeupe, ikiachiwa wekundu unarudi. Hizi wekundu wake ulirudi kivivu, kama mtoto aliyetumwa. Akauliza habari za sigara, Cheche akasema "kidogo", dada akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Nitakuambia ukweli, mzee wangu," daktari akasema. "Tunasafisha, tunakupa dawa, tunatazama. Kliniki ijayo kama nyama bado inakufa, tutakata. Na si kidole. Ni nusu ya mbele ya mguu."

Cheche aliutazama mguu wake. Fundi wa kuchomelea anachuchumaa, anapanda ngazi amebeba vyuma, anasimama kwa vidole akifikia juu ya geti. Nusu ya mguu si nusu ya kazi. Ni kazi yote.

"Nipe dawa kali zaidi," alisema mwishowe. "Ile ya juu kabisa."

Daktari alipotoka, Mama Vidonda alimfuata koridoni. Vidonda alivijua kwa macho na kwa pua, lakini hili lilimkera: kwa nini mguu uliojaa usaha, yaani umejaa askari wa mwili, unashindwa na vijidudu vile vile ambavyo kwenye kidole cha mtoto vinaisha mara moja?

Na huyo kijana, Mungu ampe miaka, hakutazama saa. Aliegemea ukuta akamweleza. Chembe nyeupe za damu zikikutana na bakteria zinamkamata na kummeza. Lakini kummeza si kumuua. Ili zimuue zinatengeneza sumu yao humo ndani, na sumu hiyo huitengeneza kwa oksijeni.

"Na isipokuwepo?"

"Zinammeza, lakini hafi vizuri."

"Yaani kama mtu aliyemfungia mwizi chumbani halafu akaenda kulala."

Daktari akacheka. "Tena ubaya hauishii hapo. Chembe nyeupe kwa kawaida zina maisha mafupi, zikimaliza kazi zinakufa. Mahali penye upungufu wa oksijeni zinachelewa kufa. Zinabaki pale pale, zimevurugika, zinamwaga maji yao makali yanayoyeyusha vitu. Badala ya kummaliza adui, yanachoma nyama nzima ya jirani."

"Ndiyo maana kidonda kinapanuka."

"Ni sababu mojawapo. Na dawa nayo inapanda damu hiyo hiyo kama basi. Njia ikizibwa, wote wanakwama. Sigara inabana mishipa, na moshi wake unakalia viti vya oksijeni ndani ya damu."

Alirudi chumbani kwake akamweleza Cheche hayo yote, askari, mwizi, viti. Mwingine angeridhika kwamba amesema. Cheche aliitikia, "Sawa, mke mdogo, sawa," na macho yake yalikuwa juu ya dari, anakagua mabomba ya dari kama yamechomelewa vizuri. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini Mama Vidonda ana msemo wake: sikio likikataa, jaribu jicho.

Kesho yake akitoka kazini alipitia karakana. Cheche aliambiwa apumzike mguu ukiwa juu, na kweli mguu ulikuwa juu, juu ya kopo la rangi, katikati ya karakana, yeye akitoa amri.

"Washa moto," Mama Vidonda akasema, hata salamu hakutoa.

"Umeleta sufuria?"

"Washa."

Akawasha. Mitungi miwili, wa gesi na wa oksijeni, mipira miwili inayokutana kwenye mdomo mmoja wa shaba. Akarekebisha mpaka moto ukawa wa bluu, mwembamba, mkali, unanguruma.

"Sasa funga oksijeni."

"Kwa nini?"

"Shemeji, wewe mbona na vali unaleta ubishi? Funga."

Akafunga. Moto ukavimba, ukawa wa njano, mlegevu, unayumba kama mlevi. Nyuzi za masizi zikapaa hewani, zikatua kwenye gauni lake jeupe la kazi. Hakuzipangusa.

"Kata hicho chuma."

"Hakikatiki."

"Si moto huo? Mbona ni mkubwa kuliko ule wa kwanza?"

"Mkubwa wa nini? Huu hauna nguvu. Utachafua chuma tu."

"Ongeza gesi, basi."

"Ukiongeza gesi unaongeza masizi. Mke mdogo, kazi hii huijui, hapa tatizo si ge..."

Moto wa njano ukaendelea kutapika masizi mkononi mwake. Aliutazama, akautazama mguu wake juu ya kopo, akautazama tena moto.

"Endelea," Mama Vidonda akasema. "Tatizo si gesi. Jana ulitaka nikuongezee gesi. Dawa ya juu kabisa. Askari humo mguuni wamejaa, usaha wote huo ni wao, lakini wanawaka njano. Hawakati. Wanachafua. Na vali uliifunga kwa mkono wako, kwa ukanda wa tyubu. Mpira nimeukata. Vali ya pili ni ile pakiti ya sigara mfukoni mwa shati lako, na hiyo sina mkasi wake."

Alimwacha pale, akaenda zake. Ungedhani hadithi imeishia hapo, mtu kaelewa, mguu umepona. Tabu ya kumweleza fundi jambo ni kwamba fundi akielewa hatulii, anatengeneza.

Siku iliyofuata, Mama Vidonda akiwa ndiyo kwanza amevua viatu, dada alimpigia simu. "Njoo umwone shemeji yako! Njoo kabla sijawa mjane!"

Alimkuta uani. Cheche amekaa juu ya ndoo, bandeji ameifungua, mguu ameunyoosha juu ya kiti cha watoto, na mkononi ameshika mpira wa oksijeni ameuelekeza kidondani, unavuma. Uso umejaa matumaini. Sigara iko juu ya sikio, haijawashwa, na hapo ndipo ujue kuna watu wanalindwa.

Mama Vidonda alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akaufunga, akaichomoa ile sigara sikioni.

"Ulitaka nini? Upate cheche moja nguo ziwake, daktari asihangaike kukata kwa sababu hakuna kilichobaki?"

"Si wewe ulisema oksijeni!"

"Nilisema ipite ndani! Wewe ukiwa na njaa unapakwa chakula tumboni?"

Dada akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Cheche hakucheka. Alikuwa ameshika ule mpira kama mtu aliyenyang'anywa tegemeo.

"Inaingia puani," Mama Vidonda akasema, sauti ikishuka. "Inashuka kifuani, inapanda damu, damu inateremka hadi kidoleni. Hakuna mlango mwingine. Na damu yako ikifika kifuani kuchukua abiria, inakuta viti vimekaliwa na moshi."

"Unajua hii sigara inanifanyia nini?" Cheche akauliza. Hakuwa na utani. "Nikikosa, mkono unatetemeka. Mkono ukitetemeka, mshono unapinda. Watu hawaniletei kazi kwa sababu ya sura yangu. Wananiletea kwa sababu mshono wangu umenyooka."

Hilo Mama Vidonda hakulitegemea. Miaka yote alidhani ni ulevi tu wa mtu mkaidi. Alifikiri kidogo, na anapofikiri huwa anaizungusha ile miwani kwenye kamba yake.

"Basi utatetemeka," akasema. "Utatetemeka umesimama, au utatulia umekaa kwenye kiti cha magurudumu. Sina la tatu, shemeji. Ningekuwa nalo ningekupa."

Cheche alitoa pakiti mfukoni. Hakumpa Mama Vidonda, alimpa mkewe. Mkewe akaitia jikoni kwenye moto, akafunika na sufuria ya maji.

Baada ya hapo nyumba ile haikukalika. Cheche alinuna, akagombana na redio, akafukuza wateja wawili, akalaumu chumvi kwamba haina ladha. Mama Vidonda alipita kila jioni akitoka kazini, miguu yake mwenyewe imechoka, na chupa yake ya maji ya chumvi, anaipasha kwenye sufuria ya dada yake. Aliosha, akaondoa nyama iliyokufa kidogo kidogo, akafunga bandeji nyepesi ambayo kidole kinapita chini yake. Kila mara Cheche aliiangalia kwa dharau.

"Hii imelegea. Mimi fundi wangu akifunga hivi namfukuza."

"Nifukuze."

Jioni moja aliinama kufungua bandeji, akainua kichwa. Ile pua, iliyoishi ndani ya chumba cha vidonda, haikosei. Moshi. Siyo wa jikoni. Alimtazama Cheche, na Cheche akayatazama mabati.

Sasa huyu ni mwanamke ambaye huutukana hata mlango ukimkwaruza. Dada alijiandaa kwa mvua ya mawe. Haikunyesha. Mama Vidonda aliosha kidonda, akafunga, akakusanya mkasi na kibano, akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kimya. Alikaa hivyo mpaka Cheche mwenyewe akashindwa.

"Sema basi! Nitukane!"

"Nimechoka, shemeji."

Hiyo ndiyo ilimwingia. Matusi ya shemeji alikuwa ameyazoea kama kelele za msumeno. Lakini kumwona huyu mwanamke, ambaye miguu ya watu wa kila aina imepita mkononi mwake, amekaa hana neno, kulimwonyesha mahali alipofika.

"Ilikuwa moja," akasema. "Nilimwomba mteja. Nisamehe, mke mdogo."

"Usiniombe mimi. Uombe mguu."

Cheche alidhani ni utani, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Na sigara ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nasema hivyo kwa sababu mkewe, ambaye hana huruma na waongo, anasema hivyo.

Siku ya kliniki walifika mapema, dada akabaki kwenye benchi la nje kwa hiari yake, kanga ameishika mdomoni. Ndani, Mama Vidonda alipasha maji yake. Hakuongea habari za sabuni. Alilowesha gozi, akangoja, akainua pembe moja. Kabla hajaangalia kidonda, aligeuza mkono, akagusa mguu kwa mgongo wa vidole. Akagusa wa kulia. Akarudi wa kushoto.

"Vipi?" Cheche akauliza.

Mama Vidonda alivuta gozi taratibu, na pembeni mwa kidonda, pale palipokuwa na ukingo wa kijivu, pakatoka damu. Tone, na jingine, nyekundu, mbichi. Cheche akashtuka.

"Inavuja! Mke mdogo, inavuja!"

"Inavuja," Mama Vidonda akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Acha ivuje. Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Daktari! Daktari, njoo uone!"

Daktari akajiinamisha, akaingia, akabonyeza kucha. Wekundu ulirudi mbio kwenye kucha nne. Kwenye kidole kidogo haukurudi. Kile kilikuwa kimekwisha, cheusi, kikavu, na hakuna moto wa bluu utakaokifufua. Alitazama kidonda kwa muda, nyama mpya ndani yake imeanza kuota vipele vipele vyekundu. Akasema maneno machache, akamgusa Mama Vidonda begani, jambo ambalo hakuna mtu hospitali ile anayelithubutu, akatoka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji.

Mama Vidonda alifungua mlango. Dada alisimama.

"Kidole kimoja kinaondoka," akamwambia. "Mguu unabaki."

"Kipi?"

"Kile kidogo cha mwisho."

Dada alikaa tena, kwa kishindo, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, hata wagonjwa wengine hawakujua wampe pole au hongera. "Kile?" akasema. "Kile hata kiatu kilikuwa hakikijui!"

"Nawasikia!" Cheche akapiga kelele kutoka ndani. "Kidole cha mtu mnakisema vibaya kingali hai!"

"Kimekufa hicho, shemeji, nyamaza," Mama Vidonda akamjibu kutoka mlangoni, akifuta kwa pindo la gauni miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Na wewe lala chali, weka mguu juu, uvute pumzi. Ndefu. Huo mguu unaisubiri."